Sura ya Sita: Mboga Zinazosubiri Jalidi

Kila mwaka mwanzoni mwa Novemba, wanawake wa kijiji cha Nozawa Onsen, katika milima ya Nagano nchini Japani, huenda kuosha mboga kwenye mabirika ya maji ya moto yanayotoka ardhini, mabirika yaleyale ambayo siku nyingine wanakijiji huyatumia kuogea. Mboga hiyo ni nozawana, jani refu linalokaribia mita moja, ambalo likishaoshwa hupangwa kwenye mapipa pamoja na chumvi ili liwe achari ya majira yote ya theluji. Watalii hupiga picha za mvuke. Mimi nakuomba utazame kalenda yao. Nozawana huwa imekwisha kukua kabla ya hapo, na bado wenyewe huiacha shambani makusudi mpaka jalidi iipige mara mbili au tatu ndipo waivune. Ikivunwa mapema, wanasema, jani ni gumu na achari haikolei.

Kwa mkulima wa nyanda zetu za juu hilo linasikika kama mzaha. Jalidi sisi tunaijua kwa hasara zake: chai ya Kericho iliyobabuka, viazi vya Kinangop vilivyogeuka vyeusi usiku mmoja, maharage ya Makete yasiyoamka asubuhi. Lakini ipo jamii ya mboga za majani ambayo Wachina, Wakorea na Wajapani wameilima kwa karne nyingi wakitegemea baridi iwamalizie kazi. Mbegu zake siku hizi zinapatikana kwa urahisi, na hazihitaji eneo kubwa. Tuta moja nyuma ya jiko linatosha. Zinafaa Njombe na Limuru, na zinawafaa zaidi ndugu zetu walioko Leicester, Toronto au Minneapolis, ambao kila Oktoba hutazama mchicha wao ukinyauka kwa usiku mmoja wa baridi na kudhani kwamba msimu wa bustani umekwisha.

Haujakwisha. Ila ulitakiwa uanze Agosti, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Tuanze na mboga tunayoifahamu. Chainizi inauzwa kwa mafungu katika kila soko la Dar es Salaam, kando ya mchicha na matembele, na imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeiona kuwa ngeni. Kibotania, chainizi hiyo, kabichi ya kichina inayofunga kichwa, nozawana, tatsoi, mizuna, komatsuna, na hata tanipu, ni spishi moja tu: Brassica rapa. Wakulima wa Asia waliichukua wakaivuta huku na huku. Huyu alichagua mbegu za mmea wenye bua nene, yule wenye majani mengi, mwingine wenye mzizi mkubwa au maua matamu, na baada ya vizazi vingi vya kuchagua, mimea ya mama mmoja ikawa haifanani tena.

Aliyeonyesha jinsi ukoo wote wa kabichi unavyoshikamana ni Woo Jang-choon, ambaye Wajapani humwita Nagaharu U. Alizaliwa Tokyo mwaka 1898. Mama yake alikuwa Mjapani. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Korea aliyekimbilia Japani baada ya kuhusishwa na mauaji ya Malkia Min mwaka 1895, na ambaye naye aliuawa kwa kisasi mtoto akiwa bado mdogo. Mwaka 1935 Woo alichapisha makala iliyoonyesha kwamba spishi tatu za msingi zilikutana mbili mbili zikazaa nyingine tatu. Rapa ina jozi 10 za kromosomu, haradali nyeusi ina jozi 8. Zilipochanganyika ikapatikana haradali ya majani, juncea, yenye jozi 18. Kabichi ya kawaida, ambayo ni spishi moja na sukuma wiki, ina jozi 9. Ilipochanganyika na haradali nyeusi ikapatikana carinata, yenye jozi 17. Hiyo carinata ndiyo loshuu ya Arusha, ambayo Kenya huitwa kanzira, na kwao ni nyanda za juu za Ethiopia. Kwa hiyo mwenye chainizi, sukuma na loshuu kwenye bustani moja tayari anaishi na sehemu kubwa ya ukoo huo, ajue asijue.

Mwaka 1950 Woo aliiacha familia yake Japani akahamia Korea Kusini, nchi iliyokuwa na njaa ya mbegu zake yenyewe, na akashughulika na mbegu za kabichi ya kichina na figili mpaka alipofariki mwaka 1959. (Wakorea wengi wanamkumbuka kwa tikiti lisilo na mbegu. Tikiti hilo ni kazi ya Mjapani Hitoshi Kihara. Woo alilitumia tu kuwavutia wakulima. Ndivyo umaarufu ulivyo: mtu anafumbua fumbo la ukoo mzima wa mboga za dunia, anakumbukwa kwa tunda ambalo si lake.)

Nikiulizwa bustani ianze na ipi, nasema tatsoi. Kwao ni bonde la chini la mto Yangtze, Anhui na Jiangsu mpaka Shanghai, ambako huliwa sana karibu na Mwaka Mpya wa Kichina. Majani yake ni madogo, manene, ya kijani kilichokolea hata kukaribia weusi, yenye umbo la kijiko. Ukiiotesha penye joto husimama kama chainizi nyingine. Baridi ikianza, yenyewe hulala: majani hujitandaza duara juu ya udongo, safu juu ya safu, mpaka mmea mzima unakuwa hauna kimo. Kulala huko kuna faida. Udongo huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, upepo mkavu hupita juu, na kila jani linapata sehemu yake ya jua dogo la majira ya baridi. Tatsoi iliyozoeshwa taratibu huvumilia takriban nyuzi 10 chini ya sifuri bila kufunikwa.

Komatsuna ni ya Tokyo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1719 mtawala Tokugawa Yoshimune alipokuwa akiwinda kwa kipanga katika kijiji cha Komatsugawa, aliandaliwa supu yenye mboga ya pale, ikampendeza, akaipa jina la mahali. Kisa hicho kinapendwa sana katika wilaya ya Edogawa, na mpaka leo komatsuna haikosekani kwenye supu ya mwaka mpya ya watu wa Tokyo. Kwa mlaji wa Kiswahili naiona kuwa ndiyo rahisi kuzoeleka: ladha yake iko kati ya spinachi na sukuma, bua lake ni laini, na haichachi wala haina ute. Ni ya haraka pia, siku 35 hadi 45 toka mbegu hadi sufuria, na huvumilia baridi karibu sawa na tatsoi.

Mizuna ya Kyoto ina majani yaliyochanikachanika, membamba, mengi ajabu kwenye shina moja. Sifa yake kubwa ni kukubali kukatwa. Ukiikata vidole vitatu juu ya udongo na kuuacha moyo wake, huchipua tena, na tena. Mwandishi wa bustani wa Uingereza Joy Larkcom, ambaye kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu mboga za Asia ndicho kilichowafungulia Waingereza wengi mlango, aliisifu hasa kwa hilo. Mie nisiyependa saladi naila kwa kuitupia kwenye mchuzi dakika ya mwisho.

Haradali nyekundu, mmoja wa watoto wa juncea, ina ukali unaopanda puani. Majani yake huzidi wekundu kadiri baridi inavyoongezeka. Shungiku si ya ukoo wa kabichi hata kidogo, ni jamii ya maua ya krisanthemu, ina harufu ambayo ama utaipenda ama utaikimbia, na haivumilii zaidi ya jalidi nyepesi. Kabichi ya kichina yenye kichwa ndiyo maarufu kuliko zote na ndiyo dhaifu kuliko karibu zote. Wajapani wanaoiacha shambani mwezi Desemba hukusanya majani yake ya nje, huyafunika juu ya kichwa na kuyafunga kwa kamba au nyasi. Majani ya nje huungua, kichwa hubaki salama. Kama ni mwaka wako wa kwanza, iache.

Sasa, jani linawezaje kuganda usiku na kuliwa mchana? Barafu inayoua mmea ni ile inayojijenga ndani ya seli. Mimea hii, ikipata wiki kadhaa za ubaridi unaoshuka polepole, hubadilika: huongeza sukari na viyeyusho vingine ndani ya seli, jambo linaloteremsha kiwango cha kuganda, na hubadilisha mafuta ya utando wa seli ili usikakamae. Barafu ikija hujijenga kwenye nafasi zilizo kati ya seli, ikinyonya maji kutoka ndani. Ndiyo maana alfajiri ya baridi kali utaikuta tatsoi imelegea, imekuwa nyeusi, inang'aa kama kioo, na utaapa kwamba imekufa. Usiiguse. Ukiivuna ikiwa katika hali hiyo, seli hupasuka mkononi mwako na ndani ya saa moja una uji wa majani. Iache mpaka saa nne au saa tano, jua lipande, maji yarudi ndani ya seli, itasimama yenyewe.

Sukari hiyo inayoukinga mmea ndiyo inayompendeza mlaji. Kaskazini mwa Japani wakulima wa spinachi wameifanya kuwa mbinu kamili: mboga hukuzwa ndani ya kitalu nyumba mpaka ifikie kimo cha kuuzwa, kisha pande za kitalu hufunguliwa makusudi ili baridi iingie. Majani huacha kurefuka, hulala, hukunjamana, huwa mazito, na utamu huongezeka. Mkulima amejenga nyumba ya kuzuia baridi, halafu anaikaribisha ndani. Watu wa Shanghai nao watakuambia chainizi yao fupi haistahili kuliwa kabla haijapigwa na jalidi, na hawasemi hivyo kwa mapenzi ya nyumbani tu.

Walioenda mbali zaidi ni watu wa Yonezawa, katika mkoa wa Yamagata, mahali ambapo theluji huwa ndefu kuliko mtu. Mboga yao, yukina, hung'olewa na mizizi yake mwezi Novemba, hukusanywa kwa kubanana, huzungushiwa nyasi za mpunga na udongo, kisha huachwa ifunikwe na theluji. Chini ya theluji joto hukaa karibu na sifuri, halishuki hata huko juu kukiwa na dhoruba. Gizani humo mmea huanza kutoa shina la maua kwa kula majani yake wenyewe ya nje. Wakulima huja kuifukua kuanzia Januari, hutupa majani yaliyochoka, na kubaki na shina jeupe, tamu, laini, ambalo ni sehemu ndogo tu ya uzito uliozikwa. Likimwagiwa maji ya moto na kutiwa chumvi hutoa ukali wa haradali. Mboga iliyolimwa ili sehemu yake kubwa iliwe na mboga yenyewe! Ni anasa ya watu waliokosa majani mabichi miezi minne.

Kwenye mifano yote hiyo kuna jambo moja la kushika: baridi haikuzi kitu. Nozawana, spinachi ya kaskazini, yukina, zote zilikuwa zimekwisha kukua. Bustani ya majira ya baridi ni ghala, na ghala hujazwa kabla ya njaa. Familia za Beijing zilijua hilo kwa namna nyingine: mpaka miaka ya 1980 kila Novemba zilinunua kabichi ya kichina kwa mamia ya kilo na kuipanga uani, ngazini, barazani, iwafikishe majira ya kuchipua. Tofauti ya mwenye tatsoi ni kwamba yeye anaiweka ikiwa hai, kwenye udongo, na anaivuna siku anayoihitaji.

Kinachosimamisha ukuaji, tena, si baridi peke yake. Ni mwanga. Eliot Coleman, mkulima wa Harborside katika jimbo la Maine, Marekani, ambaye amevuna mboga majira yote ya baridi kwa miongo mingi bila kupasha joto sehemu kubwa ya vitalu vyake, alitazama shamba lake akagundua kwamba mchana ukipungua chini ya saa 10, mimea karibu inasimama kabisa hata ikiwa imefunikwa vizuri. Kwake, kwenye nyuzi 44 kaskazini, kipindi hicho huanza wiki ya kwanza ya Novemba na kuisha wiki ya kwanza ya Februari. Minneapolis ni karibu sawa na hapo. London huanza mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Februari. Tokyo na Kyoto zimebahatika: ziko kusini zaidi, na mchana wao mfupi kabisa unakaribia saa 10 zenyewe, kwa hiyo komatsuna haisimami sana. Hii ni sababu mojawapo ya bustani za Japani kuonekana rahisi vitabuni na kuwa ngumu Uingereza.

Basi kalenda hupangwa kwa kurudi nyuma. Tafuta tarehe ambayo mchana wa mahali pako unashuka chini ya saa 10. Mmea unatakiwa uwe umefikia angalau robo tatu ya ukubwa wake siku hiyo. Kisha toa siku za kukua, na uongeze wiki mbili za ziada, kwa sababu vuli si kiangazi. Siku zinafupika huku mmea unakua, na komatsuna ya siku 40 ya mwezi wa Juni huchukua siku 55 au zaidi ikipandwa Septemba. Kwa mtu wa Minneapolis hesabu hiyo inaleta kabichi ya kichina mwisho wa Julai, tatsoi na komatsuna katikati ya Agosti mpaka siku za mwanzo za Septemba, mizuna mpaka katikati ya Septemba. Wa Leicester asichelewe zaidi ya hapo, maana baridi yake ni ndogo lakini giza lake ni refu.

Agosti, watu wanakula mahindi ya kuchoma na kuvaa fulana. Hakuna anayefikiria theluji. Ndiyo maana wanachelewa.

Kuchelewa kwa kabichi ya kichina kuna adhabu yake maalumu. Ili ifunge kichwa inahitaji kwanza kutengeneza majani mengi, na ubaridi wa vuli huiamuru iache kutengeneza majani na ianze kuandaa maua. Aliyepanda wiki mbili baada ya jirani yake hapati kichwa kidogo. Hapati kichwa kabisa. Tatsoi na mizuna, ambazo hazidaiwi kichwa, husamehe zaidi.

Kuhusu kupanda kwenyewe sina mengi. Mbegu ziingie sentimita moja chini, udongo usikauke, na kwa joto la Agosti zitaota ndani ya siku tatu au nne. Tatsoi ipewe sentimita 20 hadi 25 kati ya mmea na mmea, kwa sababu italala. Komatsuna 10 hadi 15. Mizuna 20 au zaidi. Kabichi ya kichina 40. Wadudu ndio mtihani wa mwezi huo: vijidudu vyeusi vinavyoruka na kutoboa majani matundu madogo, nondo wanaotaga mayai yao chini ya jani, na vidukari. Wavu mwembamba uliowekwa siku ileile ya kupanda, na kingo zake kufukiwa, una faida kuliko dawa yoyote; ukiwekwa wiki moja baadaye unakuwa umewafungia wadudu ndani pamoja na chakula chao. Usipande palepale palipokuwa na sukuma au kabichi mwaka uliotangulia, hasa kama mizizi ilikuwa na uvimbe. Vimelea vya ugonjwa huo hukaa udongoni miaka mingi.

Samadi iliyooza vizuri itiwe mwanzoni, si mwishoni. Mbolea nyingi ya naitrojeni karibu na baridi hutoa majani laini yenye maji ambayo jalidi huyachukua kwanza. Tena majani yanayokua kwenye mwanga hafifu hushindwa kuitumia naitrojeni yote na kuilimbikiza kama naitreti, kitu usichokitaka kwa wingi kwenye sahani ya mtoto. Kuvuna alasiri ya siku yenye jua huipunguza.

Kifuniko ni hatua ya pili, na watu wengi huikimbilia kabla ya kalenda. Fito zilizopindwa juu ya tuta, juu yake kitambaa chepesi cha kufunikia mimea, na juu ya hicho nailoni, hutosha Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi. Kwa hesabu ya Coleman kila tabaka ni sawa na kuisogeza bustani yako kilomita 800 kusini. Sehemu ngumu ni kukumbuka kufunua: siku ya jua, ndani ya nailoni hupanda joto haraka, mmea unadhani majira yamebadilika, unalegeza ulinzi wake wa sukari ndani ya siku chache, na usiku ule ule au wa tatu unakamatwa. Mimea mingi zaidi hufa kwa sababu ya joto la mchana ndani ya nailoni kuliko kwa baridi yenyewe, hivyo ndivyo ninavyoamini. Penye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, kama Minnesota mwezi Januari, nailoni moja haitoshi; vuna kila kitu mwanzoni mwa Desemba ukaridhike.

Turudi kwetu, ambako mambo ni tofauti kwa namna inayofurahisha. Njombe iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mchana wake mfupi kabisa, mwezi Juni, haupungui sana saa 11 na nusu. Mwanga upo mwaka mzima. Tatsoi ya Njombe haisimami. Kila jua likitoka inaongeza jani. Bustani ya Maine ingelipa pesa nyingi kwa mchana kama huo. Tatizo letu ni aina ya jalidi tuliyo nayo. Kaskazini baridi hushuka kwa wiki kadhaa na mmea unapata muda wa kujiandaa. Kwetu, kati ya Juni na Agosti kwenye nyanda za juu za kusini, au Januari na Februari kule Kinangop, mchana huwa na jua la kutosha kuvua koti, kisha usiku mbingu ikiwa wazi na upepo umetulia, joto lote la ardhi huondoka na jalidi hutua kabla ya alfajiri. Jani halikuzoeshwa vya kutosha.

Na jalidi hiyo ina mahali inapopenda. Hewa baridi ni nzito. Huteremka mteremko na kutuama chini. Wakulima wa Iringa na Njombe wanalima vinyungu, yaani mashamba ya mabondeni yenye unyevu, hasa katika miezi hiyohiyo ya kiangazi, kwa sababu ndipo palipobaki maji. Kwa hiyo mboga za kiangazi ziko hasa pale ambapo baridi inajikusanya. Hapo ndipo mboga hizi zinapostahili nafasi: mabondeni weka tatsoi, komatsuna na haradali, na nyanya yako au maharage yako yapande mita chache juu ya mteremko. Mwagilia mchana, si jioni sana, maana udongo wenye unyevu hushika joto zaidi kuliko mkavu. Siku ambayo jioni anga ni safi na hakuna upepo, tandaza nyasi kavu au kitambaa juu ya miche michanga kabla jua halijazama na ukiondoe saa tatu asubuhi.

Kuna jambo jingine linalowasumbua wakulima wa chainizi mahali pa baridi: miche inatoa maua ingali midogo. Hulaumiwa mbegu mbovu, na wakati mwingine ni kweli. Lakini rapa ina tabia ya pekee. Kabichi ya kawaida na sukuma hazisikii amri ya baridi mpaka zifikie unene fulani. Rapa huisikia tangu mbegu inapochipua. Wiki moja au mbili za ubaridi chini ya nyuzi 13 hivi, mche ukiwa na majani mawili, zinatosha kuipa ujumbe kwamba majira ya baridi yamepita na sasa ni wakati wa kuchanua. Kabichi ya kichina ni nyepesi zaidi kudanganyika. Komatsuna nyingi ni nzito kidogo. Dawa ni kuotesha miche penye joto, kwenye trei karibu na ukuta wa jikoni au chini ya nailoni, na kuihamishia nje ikiwa na majani manne au matano. Huko Shanhua, Taiwan, taasisi inayoitwa leo World Vegetable Center ilitumia miaka yake ya mwanzo, baada ya kuanzishwa mwaka 1971, kuzalisha kabichi ya kichina inayofunga kichwa penye joto la tropiki, kazi ya kuligeuza zao la baridi liwe la pwani. Taasisi hiyo ina kituo Arusha tangu miaka ya 1990. Mbegu unayonunua ikiwa imeandikwa kwamba ni ya kuvumilia joto, basi usiipeleke Makete ukitarajia ishindane na tatsoi. Imechaguliwa kwa vita vingine.

Maua yakija licha ya yote, using'oe kwa hasira. Shina la maua la ukoo huu, likikatwa kabla vifundo havijafunguka, ni mboga ya heshima. Wuhan wana aina yenye mabua ya zambarau inayolimwa kwa ajili hiyo tu, hongcaitai, na ile ya vitongoji vya Hongshan inauzwa kwa bei ya kujivunia. Kaanga kitunguu saumu kwa mafuta kidogo, tia mabua yaliyokatwa urefu wa kidole, chumvi, dakika mbili, epua. Tui la nazi linakubaliana na komatsuna vizuri kuliko na mizuna. Kuchemsha mpaka maji yageuke kijani, kama wengi wetu tulivyofundishwa kwa sukuma, ni kumwaga ile sukari yote ambayo mmea ulihangaika kuiweka.

Ukitaka mbegu zako mwenyewe, uamuzi ufanye mapema, maana hapa undugu unarudi kwa nguvu. Chainizi, tatsoi, mizuna na komatsuna ni spishi moja, na nyuki hatofautishi. Zikichanua pamoja, mwaka unaofuata utapata mimea ya kila sura, mingine isiyolala wala kusimama. Ruhusu aina moja tu ichanue kwa msimu, na iwe mimea kumi au zaidi, kwa kuwa mingi ya aina hizi haijichavushi yenyewe. Sukuma wiki ikichanua jirani haileti shida. Chagua iliyochelewa kutoa maua, si iliyowahi; anayeweka mbegu za mmea wa kwanza kuchanua anajifugia tabia ya kuchanua mapema. Maganda yakigeuka rangi ya nyasi kavu, kata shina zima asubuhi kungali na umande ili yasipasuke, lining'inize ndani ya mfuko wa karatasi mahali pakavu, na baada ya wiki mbili piga mfuko kwa mkono. Mbegu ikaushwe tena kivulini siku chache, itiwe kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, iandikwe jina na mwaka. Ikikaa pakavu na penye ubaridi itaota vizuri kwa miaka mitatu au minne.